Sauti Yasikika, Picha Haionekani



Baba mmoja wa jamaa, mkaaji wa Mangobo, ametuletea swali ambalo twalijibu leo kwa urefu, maana si lake peke yake. Mwanawe anayefanya kazi Ulaya alipigiwa video ya arusi yake kwa simu, akaitia katika flashi, akampa msafiri mwaminifu ailete Kisangani. Ilipofika, wazee, mashangazi na majirani walikusanyika mbele ya kompyuta ya nyumbani, iliyonunuliwa kuukuu miaka mingi iliyopita na ingali ikifanya kazi yake. Umeme ulikuwapo, jambo la kushukuru. Wakafungua. Kwaya ikasikika vizuri, na maneno ya padre yakasikika. Lakini kioo kilikaa cheusi tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana mmoja anayejiita fundi akasema: «Faili limeoza, lifuteni.» Baba huyo anauliza: Je, tulifute? Na kompyuta, je, tuiuze?

Jibu la kwanza ni fupi. Msilifute faili, wala msiiuze kompyuta. Faili ni zima, na kompyuta haina ugonjwa. Kinachokosekana ni kitu cha tatu, ambacho wengi hawakijui, nacho ndicho tutakachokieleza.

Sisi wa Kisangani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Walokele wa kando ya mto wetu walikuwa wakipelekeana habari kwa ngoma ya gogo lililochongwa, yenye sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa miaka mingi katika nchi hiyo akajifunza mwenyewe kuipiga, aliieleza kazi yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1949. Mgeni aliyepita mtoni kwa mashua wakati wa jioni aliyasikia mapigo yote. Hakupotewa na hata moja. Walakini hakujua kama kilio kinatangazwa, au mtu fulani anaitwa arudi nyumbani. Ngoma haikuwa na kosa, na masikio ya mgeni hayakuwa na kosa. Alikosa ufunguo tu. Mtoto wa kijiji aliyesimama ukingoni, asiye na elimu ya shule, alielewa mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta ya Mangobo. Ilipokea faili zima, kuanzia herufi ya kwanza hata ya mwisho. Ufunguo wa sauti ilikuwa nao. Ufunguo wa picha haikuwa nao. Kwa hiyo kwaya iliimba gizani.

Lakini kwa sababu gani picha ifungwe kwa ufunguo? Kwa nini isiandikwe wazi, kila kompyuta iisome? Enyi wanafunzi, shikeni kalamu tufanye hesabu. Picha ya video ya ukubwa wa kawaida wa siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kila nukta ikiandikwa rangi yake kamili, yahitaji baiti 3. Na katika sekunde moja hupita picha 25. Zidisheni zote pamoja, mtapata zaidi ya megabaiti 155 kwa sekunde moja tu. Flashi ya gigabaiti 16 ingejaa kabla ya dakika 2 kwisha, na bwana arusi bado hajafika mlangoni pa kanisa.

Kwa hiyo video sharti ikunjwe, kama mama akunjavyo nguo za jamaa nzima zikaingia katika sanduku moja. Na kuna njia ya akili ya kuikunja. Tazama kanisani: ukuta wa nyuma hausogei, altare haisogei, wanakwaya wamesimama mahali pao, kinachobadilika ni mkono wa padre na midomo ya waimbaji. Basi kuna faida gani kuuandika ukuta huo mara 25 kwa sekunde? Simu huandika picha moja kamili, kisha katika picha zinazofuata huandika yale tu yaliyobadilika, na kwa yale yaliyosogea huandika yamesogea upande gani na kwa kadiri gani. Kompyuta inayoonyesha video hufanya kazi ile ile kinyumenyume, ikiijenga upya kila picha kutoka katika maandishi hayo mafupi. Ufundi huu wa kukunja na kukunjua huitwa kodeki.

Sasa twafika kwenye shina la taabu. Ufundi huo haukusimama mahali pamoja. Santuri za DVD, zilizotokea katika miaka ya 1990, zilitumia kodeki iitwayo MPEG-2. Mwaka 2003 ilitoka H.264, ambayo iliweza kuikunja picha ile ile ikachukua karibu nusu ya nafasi. Hii imeenea duniani kote, na hata leo ndiyo inayosomwa mahali pengi kuliko zote. Mwaka 2013 ikatoka H.265, iitwayo pia HEVC, ikapunguza tena karibu nusu. Mwaka 2018 ikatoka AV1, iliyotengenezwa na makampuni makubwa yaliyoungana, kati yao Google, Mozilla na Netflix, kusudi watu wapate kodeki isiyodai malipo ya haki za wavumbuzi. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone zilizo mpya huandika video kwa HEVC, zisipoagizwa vinginevyo. Arusi ya Ulaya iliandikwa kwa HEVC. Kompyuta ya Mangobo ilizaliwa kabla HEVC haijazaliwa. Yote yako hapo.

Wengine hunung'unika wakisema kwamba mabadiliko haya ni ujanja wa matajiri, wapate kutuuzia vitu vipya kila mwaka. Sikubaliani nao, angalau kwa jambo hili. Anayenunua intaneti kwa megabaiti anajua thamani ya faili kupungua nusu. Mwenye faida kubwa ya kodeki mpya ni huyo huyo anayehesabu megabaiti zake. Taabu ni kwamba anayehesabu megabaiti ndiye pia mwenye kompyuta ya zamani.

Kabla ya kwenda kwenye dawa, tuondoe kosa moja linalofanywa kila siku. Watu husoma herufi za mwisho za jina la faili, mp4, au mov, au mkv, wakadhani wameijua kodeki. Sivyo. Herufi zile ni jina la gunia, si la kilichomo ndani. Ukiona gunia sokoni huwezi kujua kama ndani mna mchele au karanga mpaka ulifungue. Faili la mp4 laweza kubeba H.264, ambayo kompyuta yako yaisoma vizuri, na mp4 nyingine yaweza kubeba HEVC au AV1, ambazo haizijui. Ndiyo maana wengine hushangaa: «Mbona mp4 ya jana ilifunguka, na hii ya leo yakataa?» Na kijana anayefuta mov akaandika mp4 katika jina la faili, hakubadili kitu. Amepaka rangi mpya ubavuni mwa mtumbwi. Mizigo iliyomo ni ile ile.

Basi tupime ugonjwa. Maradhi ni mawili, na dawa ya moja haiponyi la pili. Kompyuta yaweza kuwa haijui kodeki, au yaweza kuwa yaijua lakini haiwezi kazi yake. Asiyejua huonyesha kioo cheusi, au huandika kwamba faili haliwezi kufunguliwa. Asiyeweza huonyesha picha, lakini picha yenyewe hukwama na kuruka, sauti hutangulia mbali, na feni ya kompyuta hulia kama pikipiki inayopanda mlima. Kuna na la tatu, ni kweli, faili ambalo halikunakiliwa lote kwa sababu flashi ilichomolewa mapema. Hilo hujulikana upesi kwa kulinganisha ukubwa wa faili na ule wa asili.

Tuanze na kutojua, maana ni rahisi. Msihangaike kutafuta ufunguo mmoja mmoja wa kila kodeki. Pateni programu moja iliyobeba funguo zake zote ndani, na inayojulikana kuliko zote ni VLC. Asili yake ni kazi ya wanafunzi wa shule ya uinjinia iitwayo École Centrale Paris, huko Ufaransa, waliotaka mwaka 1996 kutazama televisheni kwa njia ya mtandao wa shule yao. Mwaka 2001 ilitolewa bure kwa ulimwengu wote, na bure imebaki. Alama yake ni ile koni ya rangi ya machungwa iwekwayo barabarani penye matengenezo, kwa sababu wanafunzi wale walikuwa na mchezo wa kukusanya koni hizo. Wanafunzi wetu wasiige sehemu hiyo.

VLC ya safu ya 3, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, inakubali hata Windows XP, ambayo kampuni yake iliacha kuitunza mwaka 2014. HEVC inaisoma, na matoleo yake ya karibuni husoma AV1 pia. Yatosha rafiki mwenye intaneti aishushe kutoka katika makao yake yenyewe, videolan.org, akuletee katika flashi. Ni megabaiti makumi machache. Kwa kompyuta ya zamani mwambie achukue ile ya biti 32, usipokuwa na hakika kwamba yako ni ya biti 64. Kisha fungua video kwa VLC, si kwa programu iliyozoeleka. Jamaa nyingi tatizo lao laisha hapo, na muda wote uliotumika haufiki nusu saa.

Hata wenye Windows 10 hukutana na jambo hili, wakashangaa sana kwa kuwa kompyuta yao si nzee. Programu ya video iliyomo ndani yake huwaelekeza kwenye duka la Microsoft wakanunue ufunguo wa HEVC kwa karibu dola moja, maana HEVC ina wadai wa haki zake. Dola moja si nyingi, lakini kulipa kwa kadi si kila mtu wa hapa awezaye. VLC haidai kitu.

Neno la hadhari. Usishushe kamwe «kodeki» ambayo video yenyewe, au ukurasa wa intaneti usioujua, yakuambia uisakinishe ndipo uone picha. Mtego huu ni wa zamani. Kuanzia mwaka 2005 programu mbaya iitwayo Zlob ilienea katika kompyuta za watu kwa kujifanya kodeki ya video. Waliotaka kuona filamu wakajiletea mwizi nyumbani kwa mikono yao wenyewe. Mbinu hiyo haijafa. Kadhalika, kompyuta yenye Windows XP ni afadhali isiunganishwe na intaneti hata kidogo; iwe ya kuandikia na ya kutazamia, na mafaili yaingie kwa flashi iliyokwisha kupimwa.

Sasa kutoweza. Hapa mambo ni magumu zaidi, na ni lazima tuseme ukweli. Kila kodeki mpya hukunja zaidi kwa kufanya hesabu nyingi zaidi. Na kukunjua nako kwataka hesabu nyingi. Kompyuta za siku hizi zina sehemu ya pekee ndani ya prosesa, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Intel iliweka sehemu ya HEVC katika prosesa zake za mwaka 2015, na ya AV1 katika zile za mwaka 2020. Kompyuta isiyo na sehemu hiyo hulazimika kufanya hesabu zote kwa akili ya kawaida, na ile ya mwaka 2007 au 2008 huelemewa. Hii ndiyo sababu simu ndogo ya mkononi, isiyo ya bei kubwa, yaweza kuonyesha laini kabisa video iliyoishinda kompyuta kubwa ya mezani. Watu hudhani ni uchawi. Ni sehemu ile ndogo iliyomo ndani ya simu. Basi ikiwa jamaa yataka kuitazama arusi jioni ya leo, kwa haraka, wajaribu kwanza kwa simu ya kijana wa nyumbani.

Lakini anayetaka kuitazama kwa kioo kikubwa, pamoja na wazee ambao macho yao yamechoka, hana budi kuigeuza video, yaani kuikunjua na kuikunja upya kwa kodeki ya zamani ambayo kompyuta yake yaiweza. VLC yenyewe yaweza kazi hiyo. Fungua video, bonyeza Ctrl pamoja na J, nayo itakuonyesha kodeki iliyomo ndani: H264, HEVC, AV1 au nyingine. Ukishajua, bonyeza Ctrl pamoja na R, chagua faili lako, kisha uchague namna ya H.264 katika mp4. Punguza na kipimo cha picha. Nukta 1,280 kwa 720 zatosha kabisa kwa kompyuta ya miaka kumi na mitano, na kwa ile iliyo dhaifu sana shuka mpaka kimo cha nukta 480. Mzee aliyeketi mita tatu kutoka kwenye kioo hataona tofauti kubwa, na uso wa bibi arusi atautambua. Wengine hupenda programu ya HandBrake, ambayo ni bure pia na ina mipango iliyo tayari, lakini yahitaji kompyuta iliyo mpya kidogo.

Kazi hii ya kugeuza, ikifanywa na kompyuta ile ile iliyoelemewa, huchukua saa nyingi. Video ya saa moja yaweza kula usiku mzima. Na hapa Kisangani twajua usiku ulivyo. Bwawa la Tshopo, lililoanza kutupa umeme katika miaka ya 1950, halitoshi tena kwa mji uliokua hivi, na mitaa hupokea umeme kwa zamu. Umeme ukikatika katikati ya kugeuza, kazi yote huanza upya tangu mwanzo. VLC haikumbuki ilipofikia. Nimeona watu wakijaribu mara nne kwa faili moja. Afadhali video igeuzwe kwa kompyuta ya mkononi yenye betri nzima na prosesa ya miaka ya karibuni, ya rafiki, ya ofisi iliyo na ruhusa, au ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu, ambayo itamaliza kwa dakika chache kazi ya usiku mzima. Jaribuni kwanza kwa video fupi ya dakika moja. Mkiona yafunguka vizuri nyumbani, ndipo mgeuze ile ndefu.

Nanyi baba na mama, jambo hili nalisema kwa nguvu. Baada ya kugeuza, faili la asili lisifutwe. Kila mara video inapokunjwa upya hupotewa na kitu kidogo ambacho hakirudi, kama nakala ya nakala ya hati, ambayo mwishowe muhuri hausomeki. Video iliyogeuzwa kwa nukta 480 ni ya kutazama leo. Ile ya asili ni ya wajukuu, ambao watakuwa na vioo vizuri kuliko vyetu. Iwekwe katika flashi mbili, nyumba mbili. Nafikiri juu ya jamaa ambazo zimekwisha kufuta video ya mazishi ya baba yao kwa sababu kijana fulani alisema faili limeoza, wala halikuoza. Zile hatuwezi kuwarudishia.

Kwa wenye watoto walioko ng'ambo, kuna njia ya kuepuka taabu yote hii tangu mwanzo. Mwenye iPhone afungue Réglages, kisha Appareil photo, kisha Formats, achague «Le plus compatible». Tangu hapo simu yake itaandika video za kawaida kwa H.264. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini Mangobo litafunguka. Na video inayopita kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida aghalabu hufunguka bila shida, kwa kuwa WhatsApp huikunja upya kwa H.264; ila huipunguza sana uzuri wake. Ikitumwa kama hati, yaani «document», hufika kama ilivyo, pamoja na kodeki yake ngumu.

Nafasi imebaki kwa swali la mwanafunzi wa Kabondo, ambalo li karibu na hili. Anauliza kwa nini flashi yake ya gigabaiti 32, iliyo tupu, inakataa video ya gigabaiti 5. Ni kwa sababu flashi hiyo imepangwa kwa utaratibu uitwao FAT32, ambao haukubali faili lolote linalofika gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele. Ipangwe upya kwa exFAT, au kwa NTFS ikiwa itatumiwa katika Windows XP, ambayo exFAT haiijui mpaka iongezewe. Ajue tu kwamba mashine nyingi za DVD na televisheni hukataa NTFS. Na kabla ya kuipanga upya anakili kwanza mahali pengine kila kilichomo, maana tendo hilo hufuta vyote.